Mjadala: Je, kila mwanafunzi apimwe afya na daktari kila mwaka?

Hoja iliyo mezani ni kwamba serikali iweke sharti la kila mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania kupimwa na daktari walau mara moja kwa mwaka. Wanaoiunga mkono wana sababu nzito. Mtoto mchanga hupelekwa kliniki, hupimwa uzito na kuandikwa kwenye kadi, lakini akishatimiza miaka 5 ni nadra mtu kumtazama tena mpaka augue. Na uoni hafifu unaweza kumkalia miaka mingi asilalamike, kwa sababu hajui wenzake wanaona nini ubaoni.

Pengo hilo lipo na linawaumiza watoto. Ninapotofautiana nao ni kwenye daktari. Madaktari wa vijijini hawatoshi hata wodini, na atakayetolewa huko kwenda kusikiliza vifua vya shule nzima, dakika mbili kwa kila mtoto, atakuwa amewaacha wagonjwa mahututi ili atafute mambo ambayo mengi hayahitaji udaktari kuyaona.

Tutazame yanayofanyika tayari. Dawa ya kichocho inapotolewa shuleni, mwalimu humsimamisha mtoto kwenye ubao mrefu wenye alama, husoma usawa wa utosi ni vidonge vingapi, kisha humpa ameze mbele yake, tena baada ya kula, kwa kuwa dawa hiyo huchefua tumbo likiwa tupu. Utafiti wa wilayani Kilosa uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba dodoso lililosimamiwa na walimu lilitosha kuzitambua shule zenye kichocho kingi cha mkojo. Kupima macho nako kunahitaji chati ya herufi E, kamba ya mita 6 na kiganja cha kufunika jicho moja. Mtoto huonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anapimika.

Uingereza ilianza ukaguzi wa afya wa wanafunzi kwa sheria ya mwaka 1907, baada ya vijana wengi kukataliwa jeshini wakati wa Vita vya Makaburu. Baadaye iliacha kumpitisha kila mtoto kwa daktari, ikabaki na vipimo vichache, kama kile cha macho kwa watoto wa miaka 4 hadi 5.

Nakubali kwamba mwalimu hawezi kusikia kasoro ya moyo. Kwa hilo, tabibu amwone mtoto mara moja, anapoandikishwa darasa la kwanza.

Linalonisumbua zaidi, na ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno, ni kinachofuata baada ya kupima. Mtoto akigundulika haoni ubao, mzazi huandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Nauli ni juu yake, miwani ni juu yake, na siku ya shamba inayopotea ni hasara yake. Si ajabu barua hiyo ikakaa ndani ya daftari hadi mwaka mwingine wa kupimwa. Ndiyo maana ningetaka sheria iifunge halmashauri kwanza: isiruhusiwe kuanzisha kipimo chochote shuleni kabla ya kutenga fedha za kutibu kitakachogundulika, na miwani ya kwanza ya mtoto isilipiwe na mzazi. Mnaomtaka daktari kila mwaka, naomba mtueleze: katika mpango wenu, miwani hiyo italipiwa kwa fungu lipi?