Naomba ushauri: nina shahada ya sheria, niongeze uchumi ili niingie kwenye udhibiti?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Niko Kigoma, Ujiji. Nimemaliza shahada ya kwanza ya sheria na moyo wangu uko kwenye kazi za mamlaka za udhibiti: EWURA (nishati na maji), LATRA (usafiri wa ardhini), TCRA (mawasiliano), hata Tume ya Ushindani.

Hamu hii inatokana na mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, na huku kwetu lita huwa ghali kuliko Dar es Salaam. Ukiichambua bei unakuta soko la dunia, kodi, tozo, faida ya muuzaji, kisha gharama ya kusafirisha kutoka bandarini. Sheria inampa mdhibiti mamlaka ya kupanga bei, lakini hesabu yenyewe ni ya kiuchumi. Mwanasheria asiyeielewa atateteaje uamuzi huo mbele ya Baraza la Ushindani, ambako rufaa za mamlaka hizi husikilizwa? Hapo ndipo naona pengo, na nataka kulijaza kwa dhati.

Sasa nimekwama njia panda. Wazee nyumbani wanasisitiza niende kwanza Shule ya Sheria niwe wakili. Mimi navutwa na shahada ya uzamili ya uchumi, ingawa hesabu niliishia kidato cha nne.

Mliofanya kazi huko, kipi kitangulie? Na vyuo vyetu vinampokea mwanasheria kwenye uzamili wa uchumi moja kwa moja, au nianze na stashahada ya uzamili?