Komine za L'shi (Lubumbashi) zimefungwa mikono, kisha Leta (serikali) inauliza kwa nini kanivo (mitaro) zimejaa

Ndugu zangu, mvua ikinyesha na komine ya Katuba ikigeuka ziwa, matusi yote yanamwangukia bugumestre, mkuu wa komine. Tunapiga hodi nyumba ya jirani. Tusome makaratasi kwanza.

Orodha ya takse (tozo) ambazo provense (jimbo), mji na komine wanaruhusiwa kuchukua iliandikwa Kinshasa: ordonansi-sheria n° 18/004 ya 13 Machi 2018. Ile ya 2013 iliyoitangulia nayo ilitoka huko huko. Konsei (baraza) ya komine ikeshe ikipiga kura, haiwezi kuongeza hata mstari mmoja. Kodi nono, yaani ya viwanja, ya pango na ya magari, Katiba (artikle 204) inaziita za provense na za mitaa, lakini mkusanyaji ni reji ya provense, yaani idara yake ya kukusanya mapato. Komine inangojea kumegewa. Mkononi inabakiwa na takse ya kila siku ya soko na vijisenti vya namna hiyo. Ndiyo maana muuza nyanya anaandamwa kuliko mwenye ghorofa!

"Lakini kuna retrosesio," mtasema, yaani mgao unaorudishwa toka Kinshasa. Hapo sasa ndipo damu inachemka. Artikle 175 ya Katiba ya 2006: asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya provense, na inakatwa palepale makuta (pesa) yanapoingia. Sheria 08/016 ya 2008: ndani ya fungu hilo, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na shefri (maeneo ya machifu). Piga hesabu: katika kila franga 100, 16 ni zetu. Kinachofanyika? Zote zinapanda Kinshasa, halafu tunarudishiwa wakipenda, kiasi wapendacho. Katiba haikusema kurudisha. Ilisema kukata.

Kinachoonyesha kwamba inawezekana ni Kode ya Migodi (sheria ya migodi) ya 2018: asilimia 15 ya redevansi (mrabaha) mgodi unailipa moja kwa moja kwenye konti ya komine au shefri unapochimba. Ila komine kama Kamalondo haina mgodi, basi haina kitu.

Komine iliyokauka hivyo inazaa tiketi za takse za uchochoroni. Watoza takse wakija mezani kwako sokoni, uliza takse hiyo inaitwaje kwenye orodha ya 2018. "Ni amri ya mkubwa" si jina la takse. Ukidaiwa pesa nyingi, dai noti ya persepsio (hati ya kulipia) yenye namba ya konti, ukalipe benki, usimpe ajenti mkononi. Tiketi ya soko iwe na namba ya mfululizo, muhuri na tarehe ya leo. Pesa ya tiketi isiyo na namba haifiki kasha (hazina) lolote. Tiketi hiyo ipige picha, bandika hapa chini, ficha majina.

Na nyinyi makonseye (madiwani) mliochaguliwa Desemba 2023, mnasoma uzi huu, tunajua. Kwenye bajeti ya komine yenu, mstari wa retrosesio: imeandikwa ngapi, imeingia ngapi? Namba mbili tu.