Vitwitwi wa Mida wananikimbia, nifanyeje?

Mpigapicha_Chipukizi:
Wadau, habari za jioni. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300. Jumapili mbili nimeshinda kwenye hori la Mida, hapa Watamu, nikiwanyatia vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni. Nikisogea hatua tano tu, kundi zima linaruka ng'ambo ya hori. Picha chache nilizopata ni mgongo wa ndege na tope. Wenzangu ndege wao amejaa kwenye picha, jicho linang'aa, nyuma kote ukungu laini. Ni lenzi au ni mimi?

Kaskazi77:
Ni wewe, kaka 😂. Umepiga ukiwa umesimama. Jicho la kitwitwi haliko hata shibiri moja kutoka chini, kwa hiyo lala kifudifudi, lenzi ikaribie kugusa tope. Ukipiga kutoka juu, tope la nyuma yake liko karibu naye, basi nalo linatoka wazi kama yeye. Ukishuka, kilicho nyuma yake ni mikoko ya mbali, na hiyo hata lenzi yako itaifuta.

Mzee_wa_Ngalawa:
Mwanangu, ndege hafuatwi, husubiriwa. Tazama maji. Nenda siku za bamvua, zile ambazo maji hujaa na kupwa sana; siku hizo hujaa kwenye saa kumi jioni. Saa nane uwe umeshalala ukingoni, tuli. Maji yakipanda yanawanyima tope la kulia, wanakuja wenyewe upande wako. Yakianza kupwa, jua limelainika nao wanashuka kula mbele ya pua yako. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, usijisumbue sana, huwa wametawanyika. Na tope ulijaribu kwa mguu kwanza, kuna mahali linameza mtu hadi kiunoni.

Mama_Lenzi:
Mimi kamera naiweka juu ya kikaango kikuukuu chenye mfuko mdogo wa mchele ndani. Kinateleza kwenye tope bila kuzama, unakisukuma kidogo kidogo kwa viwiko. Spidi ya kamera usishuke chini ya 1/2000 ya sekunde, miguu ya hawa ndege haitulii. Ukifika nyumbani, futa kamera kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kabla hata ya kuoga wewe.

Kaskazi77:
Nyongeza: ndege akiacha kudonoa akainua kichwa, ganda hapo hapo. Hasa Machi na Aprili, wakati wanajaza mafuta ya safari ya Siberia. Kuna wengine hawafiki gramu 30, kila mruko unawagharimu. Na mlangoni mwa mto Sabaki usilale ovyo, kule kuna viboko.

Mama_Lenzi:
Hilo la viboko ungelianza nalo!

Mpigapicha_Chipukizi:
Nimerudi, wadau. Nimelala pale kwa muda wa saa mbili na nusu, kaa wamenitembelea mgongoni, shati halitamaniki. Maji yalipoanza kutoka, mmoja akaja akidonoa, akidonoa, mpaka lenzi ikashindwa kumlenga kwa ukaribu! Nikabaki namwangalia tu. Alichomoa mnyoo, akausuuza kwenye kidimbwi, akameza. Picha nzuri ni mbili, moja mguu umebaki nje ya picha. Mzee, bamvua nyingine lini?

Mzee_wa_Ngalawa:
Mwezi ukiandama. Na safari hii uvae shati la mikono mirefu.