Namasagali–Masindi Port au Pakwach–Laropi? Na mtumbwi wa mbao au wa faiba?

MtotoWaStima
Salaam wapendwa. Nina haraka kidogo, fundi wa mwaloni anataka pesa ya mbao kabla ya Ijumaa. Nimestaafu, muda ninao. Nataka safari ndefu ya mtumbwi, kwa kafi, bila mashine, nilale njiani. Njia zinazonisumbua ni mbili, zote hapa Uganda. Moja ni Namasagali hadi Masindi Port kupitia Ziwa Kyoga. Nyingine ni Pakwach hadi Laropi kwenye Nile ya Albert. Nimepima kwa simu, kila moja ni kama kilomita 150 ukifuata maji. Halafu chombo: nitengenezewe cha mbao, au nichukue cha faiba cha mitumba anachouza jamaa mmoja Jinja? Bei zinakaribiana. Ipi bora?

Kafi_Moja
Mzee, umeuliza bei ya ng'ombe hujasema dume au jike. Una miaka mingapi? Unaogelea? Uko peke yako? Mwezi gani? "Bei zinakaribiana" ni shilingi ngapi? Faiba hiyo ina urefu gani, ina viraka? Leta picha.

Koplo_Mstaafu
Pakwach. Usisumbuke kufikiri. Kule maji yanakubeba, wewe unaongoza tu. Kyoga ni bwawa, kila mita unaidai kwa mabega yako. Mimi nimekaa Pakwach miaka 11, nayajua yale maji.

Nesi_wa_Soroti
Nakubaliana na Kafi_Moja, umri kwanza. Na dawa unazotumia. Usione haya, hapa wengi wetu magoti yanalia.

MtotoWaStima
Haya. Miaka 69. Presha ninayo, natumia vidonge viwili asubuhi. Goti la kulia haliniruhusu kuchuchumaa muda mrefu. Kuogelea, naelea. Nilitaka kwenda peke yangu lakini mke wangu amekataa, kwa hiyo tutakuwa na mjukuu wa miaka 19 ambaye yeye hajui kuogelea kabisa. Januari. Fundi anataka milioni moja na laki mbili, faiba ni milioni moja na nusu pamoja na makafi mawili. Ni futi 16, ina kiraka kimoja chini. Picha nitaleta.

Kafi_Moja
Mjukuu asiyeogelea. Mzee wangu! Jaketi za kuokolea mbili kabla hujanunua ubao wowote, zile zenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Zile za mitumba zilizojaa sponji iliyochoka zinakunywa maji na kuzama pamoja nawe. Ibonyeze ndani ya pipa la maji nusu saa, uone kama inapanda.

Kuhusu chombo mimi nasema faiba. Mnaibeba watu wawili. Ya mbao ikishakunywa maji wiki moja hamwezi kuivuta pwani na goti hilo. Ila kiraka nataka nikione.

Babu_Kagwara
Faiba na viraka, ngoja niwasimulie, kisha mtajua wenyewe.

Desemba 2019, nikiwa na miaka 61, nilikodi mtumbwi wa faiba kwa watu fulani, jina sitaji. Tukatoka Bukungu, mimi na mpwa wangu, tukielekea Lwampanga. Siku ya kwanza safi kabisa, ziwa kama sahani. Siku ya pili alasiri upepo ukaja. Kyoga ni kina kifupi, sehemu nyingi hakizidi mita tano, kwa hiyo mawimbi yake hayana nafasi ya kulala: ni mafupi, yamesimama, yanakuja moja juu ya jingine. Kiraka kikaanza kutoa machozi. Mpwa anachota maji kwa kopo la rangi, mimi napiga kafi. Nikaona mbele kuna ufukwe wa mafunjo, nikasema tujifiche pale mpaka upepo utulie.

Kumbe haukuwa ufukwe. Ni kisiwa kinachoelea, na kinatembea. Tulipoingia kwenye kijimlango chake kikajigeuza taratibu, gugumaji likaja nyuma yetu, mlango ukafungwa. Hakuna kelele, hakuna chochote. Unageuka tu unaona kijani mahali ulipoona maji. Nikashuka nisukume. Mguu ukapita kwenye mizizi mpaka paja, chini hakuna kitu. Mpwa akanishika ukosi. Upondo wa futi kumi ulizama kwenye tope na ukabaki huko, sikuuona tena.

Tukalala pale. Mbu, jamani. Ng'ambo tunasikia redio ya mtu, hata tangazo la sabuni tunalisikia vizuri, na hatuwezi kufika. Vidonge vyangu vya presha vilikuwa mfuko wa shati, asubuhi vilikuwa uji wa waridi. Alfajiri wakapita vijana wanaenda kutega nyavu, wakakata njia kwa panga karibu saa nzima. Elfu themanini. Na walicheka muda wote, mmoja wao akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unamkimbia mke?"

Kwa hiyo: Kyoga usiende bila panga, na usiende na faiba yenye kiraka.

Kafi_Moja
Kosa hapo ni kiraka, siyo faiba.

Babu_Kagwara
Wewe ulikuwa wapi usiku huo?

BukobaKwetu
Shikamoo mzee MtotoWaStima. Mimi niko upande wa Tanzania lakini maji ni yale yale. Visiwa vya mafunjo si hadithi: 2020 Ziwa Victoria lilipofurika, kimoja kilisafiri mpaka kikaziba mitambo ya umeme pale Jinja, Uganda nzima ikalala gizani. Kama kinazima umeme wa nchi, mtumbwi wa futi 16 ni nini?

Mbona hufikirii Ssese? Visiwa 84, unaruka kutoka kimoja hadi kingine, kivuko kipo ukichoka.

MtotoWaStima
Marahaba. Ssese hapana, Ziwa Victoria naliogopa. Nimefanya kazi bandarini Port Bell, nimeona kilichorudi.

Koplo_Mstaafu
Na huko Victoria chombo cha uvuvi chini ya futi 28 hakikubaliki. Mwaka 2017 wanajeshi waliletwa kusimamia uvuvi majini. Futi 16 watakichukua.

Kafi_Moja
Lakini yeye havui!

Koplo_Mstaafu
Mjukuu akiwa na ndoana moja mfukoni, nani atamwamini? Nilikuwa jeshini, najua swali la kwanza ni lipi. Popote uendako, hata Kyoga, pita kwa mwenyekiti wa kijiji na kamati ya mwalo, upewe barua yenye muhuri. Bila muhuri wewe ni mvuvi haramu mwenye mvi.

Nesi_wa_Soroti
Nirudi kwenye afya kabla hamjafika Mombasa.

Mzee, kama kidonge kimoja kati ya hivyo viwili ni cha kukojoza, jua la Januari juu ya maji litakukausha haraka kuliko unavyodhani. Kizunguzungu ukiwa umesimama ndani ya mtumbwi ndiyo ajali yenyewe. Muone daktari wako kabla ya safari, usijipunguzie dozi mwenyewe. Dawa ziwe mafungu mawili, kila fungu kwenye chupa ya kufunga kwa kuzungusha, moja kwako moja kwa mjukuu. Maji ya kunywa yachemshwe.

Na kichocho. Kyoga kipo, Nile ya Albert kipo sana. Watu humeza prazikwanteli siku wanayorudi, wanajiona wamemaliza. Minyoo michanga haisikii dawa hiyo. Subirini wiki 6 hadi 8, mpimwe, ndipo mmeze.

MamaBunyonyi
Kwa nini mnamtafutia mzee kifo? Njoo Ziwa Bunyonyi. Hakuna kiboko, hakuna mamba, kichocho hakituhusu. Visiwa 29. Mitumbwi yetu ni gogo moja la mkaratusi. Baridi ya usiku tu, njoo na blanketi, tuko karibu mita 2,000 juu.

Koplo_Mstaafu
Bunyonyi mtu anaimaliza kwa siku mbili. Mzee amesema safari ndefu, siyo fungate.

MamaBunyonyi
Azunguke mara tatu. Na mitumbwi yetu haiendi moja kwa moja, mgeni akiingia huzunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa, kwa hiyo siku mbili zitakuwa sita.

Kafi_Moja
Koplo, hujasema habari ya viboko. Pakwach uko mlangoni mwa hifadhi ya Murchison, na mbele karibu na Rhino Camp kuna hifadhi ya Ajai. Mbona unauza njia kama dalali wa shamba?

Koplo_Mstaafu
Viboko wapo, sijakataa. Kiboko akishtuka anakimbilia kina, kwa hiyo usijiweke kati yake na kina. Pita upande wa maji mafupi, gongagonga ubavu wa mtumbwi ajue unakuja. Usiku anapanda kula nyasi: ukiona pwani imechongwa mfereji laini unaoshuka majini, hiyo ni barabara yake, usilaze mkeka hapo. Mamba ndiyo sababu huteremki kuoga, unaoga kwa kopo. Laleni kwenye mialo penye watu: Rhino Camp, Obongi, kisha Laropi kwenye kivuko. Na Laropi ndiyo mwisho! Mbele ni Nimule, mpaka wa Sudan Kusini, na baada yake kuna maporomoko ya Fola. Maji yanayokubeba vizuri hayakuulizi kama unataka kushuka.

BukobaKwetu
Kwa maelezo hayo afadhali kisiwa cha mafunjo.

Kafi_Moja
Mimi ningechagua Namasagali lakini kwa akili. Iko chini ya bwawa la Isimba, kwa hiyo hukutani na bwawa jingine mpaka upite Masindi Port. Safiri saa 12 asubuhi hadi saa 5, kisha pumzika, upepo ni wa mchana. Ambaa na pwani, usikate ziwa katikati. Galiraya, Namasale, Zengebe, kila mahali kuna watu. Siku nane au tisa, siyo tano. Na ukifika Masindi Port shuka. Mto una sura ya upole mpaka Atura, mbele yake ni bwawa la Karuma, na kutoka Karuma hadi maporomoko ya Murchison, ambako mto mzima unabanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43, hapo hata sisi tunaolipwa kwa kazi ya kafi tunanyamaza.

Babu_Kagwara
Kijana leo umesema. Ila mbao, mzee. Mbao. Mvule sasa ni ghali, fundi atakupa musizi: ni nyepesi, inaoza mapema, lakini kwa safari moja inatosha. Mwambie mshono uzibwe kwa pamba, bati lipigiliwe juu yake, na upande wa ndani uone misumari imekunjwa. Muulize pia upana wa sakafu. Akikupa tumbo la duara, goti lako halitapata pa kukaa. Itobolewe popote, kila mwalo yupo mtu mwenye pamba na nyundo. Faiba ikipasuka Namasale utaiziba na nini, ugali?

Nesi_wa_Soroti
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini njia hizo mbili?

MtotoWaStima
Asante dada. Pakwach nilipewa wazo na Koplo mwaka jana hapa hapa, sijui kama anakumbuka. Namasagali ni nyumbani. Baba yangu alikuwa mchochea moto kwenye stima ya Grant, ile yenye gurudumu nyuma. Treni ilileta mizigo kutoka Jinja, stima ikaibeba mpaka Masindi Port, pamba ikarudi. Nilikuwa mtoto maji yalipopanda, 1961 kuingia 1962. Nakumbuka nimebebwa begani, na maji yako juu ya reli, na kuku wetu wako juu ya behewa. Baada ya hapo stima hazikurudi. Baba alitaja mialo ya njia ile kwa mpangilio mpaka anakufa, kama mtu anavyosoma tasbihi. Mimi sijawahi kuipita hata mmoja kwa maji.

Koplo_Mstaafu
Sasa mzee, si ungesema tangu jana. Mimi nimepiga kelele bure.

Babu_Kagwara
Grant! Mjomba wangu alipakia kuni za stima hizo. Baba yako alikuwa mfupi, mwenye pengo la mbele?

MtotoWaStima
Mrefu. Pengo alikuwa nalo.

MamaBunyonyi
Bado nasema Bunyonyi. Mazoezi tu, wiki moja, na mjukuu ajifunze kuogelea mahali pasipo na meno.

Kafi_Moja
Hilo la mjukuu naliunga mkono. Picha ya kiraka iko wapi?

MtotoWaStima
Jamaa wa Jinja hapokei simu tangu nilipoomba picha. Fundi naye kanipigia leo, anasema musizi imepanda bei, anataka laki moja zaidi, na anauliza makafi ayachonge urefu gani. Sijui nimjibu nini.

Babu_Kagwara
Simama wima, likufike kidevuni. La mjukuu lifike puani. Na laki hiyo usimpe mpaka uone mbao.

BukobaKwetu
Kidevuni? Kwetu ni kwapani.

Babu_Kagwara
Kwenu mnakaa chini sana.