Naomba ushauri: kuhama Bukavu kwenda Lubumbashi, watu saba, dola 350 kwa mwezi zitatosha?

Mama Furaha BKV
Jambo wote. Mimi niko Bukavu, Kadutu, na ninajitayarisha kuhamia Lubumbashi na familia. Bwana yuko kule tangu mwaka jana, anafanya kazi. Tutakuwa watu saba: mimi na bwana, watoto wanne, na mdogo wangu wa kike anayenisaidia. Mkubwa yuko mwaka wa saba, wawili wako shule ya msingi, kitinda mimba bado hajaanza. Sijawahi kufika Lubumbashi, hesabu yangu ni ya kusikia tu. Nyumba dola 120, chakula 130, shule 40, usafiri 30, makala (mkaa) 15, simu 15. Jumla 350. Nataka tuwe tumefika mwezi wa kwanza. Walioko kule, nimesahau nini? Usingizi umenikimbia kwa sababu ya hesabu hii. Aksanti.

Fundi wa Katuba
Karibu kwetu mama. Hiyo 130 ya chakula kwa watu saba futa. Nyumbani kwangu tuko sita, Katuba, na hatuli vya anasa. Mwezi uliopita: nyumba 90, chakula 260, makala 45, usafiri 70, maji na umeme 20, shule 60, simu na misiba 40. Hiyo ni 585, na hakuna aliyeugua. Msiba hujauweka kabisa. Huku ukikaa lupangu (kiwanja) moja na watu, mtu akifiwa unatoa. Usipotoa, siku yako utalia peke yako.

Kivu Daima
Mama, baki nyumbani. Kila mtu akihama, Bukavu atabaki nani? Mimi hata wanipe jumba mtaa wa matajiri wa Golf siendi.

Mwalimu Kasapa
Dada, acha kwanza kuhesabu kwa dola, hesabu kwa kilo. Huku chakula ni bukari (ugali) ya mahindi, asubuhi watoto wanaweza kunywa uji wa unga huohuo. Mtu mzima anamaliza karibu nusu kilo ya unga kwa siku, mtoto chini ya hapo. Kwa watu saba weka kilo mbili na nusu kwa siku. Mfuko wa kilo 25 utakufikisha siku kumi, kwa hiyo mifuko mitatu kwa mwezi. Hapo bado mboga, mafuta, samaki, sukari, sabuni. Mwambie bwana wako aende soko la Kenya, la hapa mjini, Jumamosi akuandikie bei ya mfuko huo, ya gunia la makala, ya kilo ya samaki wa tomson na ya bidoni ya mafuta. Bei ya siku hiyo ndiyo utakayozidisha. Ya mwaka jana haikusaidii.

Halafu huo mwezi wa kwanza. Sehemu kubwa ya mahindi yetu inatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na mavuno yao yanaanza kama mwezi wa nne. Desemba hadi Machi ghala zinakauka na unga unapanda. Ungefika hasa wakati mfuko ni ghali, tena katikati ya mwaka wa shule.

Dereva wa Kasumbalesa
Mwalimu amesema kweli. 2024 Zambia walipata ukame hadi serikali yao ikatangaza janga la taifa. Mwaka huo nilikuwa ninapakia unga, nikaona watu wazima wanagombania mifuko kabla hata turubai halijafunguliwa. Nililala kwenye foleni ya mpaka hadi chakula cha njiani kikaisha, mama mmoja muuza mihogo ya kuchoma akanilisha kwa deni. Nilirudi kumlipa sikumkuta. Mtu akimfahamu mama aliyekuwa akiuza karibu na maegesho ya malori, mwenye mtoto pacha, aniambie. Ninamdai shukrani.

Fundi wa Katuba
Dereva, ni wewe unayedaiwa.

Dereva wa Kasumbalesa
Ndiyo, ninadaiwa mimi. Na nitalipa.

Mama Furaha BKV
Mwalimu, Mungu akubariki, hesabu ya kilo nimeielewa. Lakini watoto wangu wamezoea unga wa muhogo na maharagwe, labda tutapunguza bukari. Makala pia nilisikia huko kuna umeme wa migodi, kwa hiyo nitapikia umeme.

Yaya wa Bel-Air
Mdogo wangu, umeme wa migodi unakwenda migodini. Sisi SNEL, shirika la umeme, inatugawia kwa zamu, kuna siku unarudi usiku wa manane na unaamka kupiga pasi. Makala utanunua, na mvua ikinyesha gunia linapanda kwa sababu malori yanakwama porini. Maharagwe utayapata, ila usitegemee wingi na bei ya Kivu.

Lakini mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Umeandika matumizi tu. Mshahara wa bwana ni kiasi gani? Na yeye anasemaje kuhusu mwezi wa kwanza?

Mama Furaha BKV
Bwana anafanya kazi nzuri yaya, katika kampuni inayohudumia migodi. Nilichouliza ni bei za huko.

Yaya wa Bel-Air
Na mimi nimeuliza mshahara. 585 ya Fundi unaweza kuiona kubwa au ndogo kulingana na kinachoingia. Kwa nini unaruka?

Papa Ushindi
Mwanamke kufuata mume wake ni jambo la heshima, msimuhoji kama polisi. Mimi nilihama Uvira na watoto watano bila hesabu yoyote, na tuliishi. Tulipanda boti mpaka Kalemie, kutoka pale tukachukua lori kuelekea Lubumbashi wakati wa mvua. Lori lilizama kwenye tope, wanaume tukashuka kusukuma, wanawake wakapika kando ya barabara kama tumehamia hapo. Mke wangu aliuza vitenge vyake viwili vya harusi ili tule. Mungu alitufikisha. Ukiwa na imani, hesabu inafuata.

Mwalimu Kasapa
Papa, kwa heshima yako yote, vile vitenge ndivyo vilikuwa hesabu. Mama huyu anataka kujua mapema atakachouza.

Mama Furaha BKV
Sawa, nitasema. Mshahara siujui. Ananitumia dola 200 kila mwezi, mara nyingine 150, na tunaishi nazo pamoja na biashara yangu ya sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwani. Kuhusu mwezi wa kwanza, yeye alisema tungoje mpaka mwezi wa saba. Analala Ruashi katika chumba kimoja na wenzake wawili wa kazi. Hajui kwamba ninakuja mapema.

Lakini msinihukumu. Meza yangu sokoni nimeshampa mtu, amenipa nusu ya pesa. Nyumba nimeshapata, vyumba viwili na saluni (sebule), huko Bel-Air, kupitia komisionere (dalali) niliyepewa na binamu. Wanataka garanti (amana ya kodi) ya miezi sita na mwezi mmoja wa komisionere. Nimetuma 300 kwa simu ili asiipe mtu mwingine. Zinazobaki nitalipa kwa pesa iliyoko benki. Mimi si mzigo, ninajua kuuza, nikifika wiki ya pili nitakuwa sokoni. Bwana akituona mlangoni atafurahi.

Fundi wa Katuba
Mlango gani? Chumba cha wanaume watatu!

Yaya wa Bel-Air
Mdogo wangu. Miezi sita mara 120 ni 720, ongeza 120 ya komisionere, 840 kabla hujanunua sufuria. Na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Nyumba yenyewe nani ameingia ndani akaiona?

Mama Furaha BKV
Nimetumiwa picha.

Msomaji wa Zamani
Samahani wote, mimi hii habari siiamini. Mama anasema yuko Bukavu na atalipa kwa pesa iliyoko benki. Benki za Bukavu zilifungwa mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, watu wanahangaika na pesa za simu na noti zilizochakaa. Hiyo benki yake ni ipi? Pili, kila akibanwa anatoa kipande kipya: kwanza bwana, halafu meza, halafu komisionere. Hivi ndivyo watu wanavyotunga uzi mpaka mwisho waseme "nisaidieni nauli". Nimeona nyingi.

Kivu Daima
Nilianza kushuku pale kwenye unga. Mtu wa Kadutu ataanzaje na mahindi?

Mwalimu Kasapa
Mahindi nimeyaleta mimi, si yeye. Soma vizuri.

Dereva wa Kasumbalesa
Hajaomba hata faranga moja. Mwacheni ajibu.

Papa Ushindi
Na akiwa ametunga, hesabu tuliyompa ni ya kweli. Kuna mwingine ataisoma.

Mama Furaha BKV
Nimelia nikisoma hayo, lakini nitajibu. Pesa iko benki, na imekwama, ndiyo maana yake. Baba yangu alipofariki tuliuza lupangu lake la Panzi, sehemu yangu niliiweka kwenye akaunti yangu. Milango ikafungwa na pesa ikabaki ndani. Benki hiyo ina tawi Lubumbashi, liko wazi. Niliambiwa nikifika mwenyewe na kadi yangu ya mpiga kura nitatoa. Bwana anajua pesa ipo, kiasi hakijui. Hamuoni? Nikingoja mwezi wa saba, pesa inaendelea kulala na mimi ninaendelea kukopa. Sambaza yenyewe wateja hawana cha kununulia. Mimi siwezi tena kungoja.

Msomaji wa Zamani
Sasa ninakuamini. Nisamehe, mama.

Yaya wa Bel-Air
Kumbe jambo ni hilo. Yeye hakuambii mshahara, wewe humwambii akiba, halafu unatuuliza sisi kama pesa zitatosha. Hakuna mtu katika uzi huu anayeweza kujibu. Wewe na bwana mnaweza, usiku mmoja kwenye simu.

Na safari ya kutoa pesa haihitaji watoto. Watoto wabaki na mdogo wako na bibi yao, wewe njoo peke yako. Utatoa pesa, utaiona nyumba kwa macho, utapita soko la Kenya na soko la Mzee Kabila, utajua wapi unaweza kuuza. Tiketi ya mtu mmoja ni ghali, ya watu sita itameza lupangu lote la baba. Ila kabla hujakata, piga simu benki yenyewe uulize wanataka karatasi gani. "Niliambiwa" haitoshi kwa safari ya namna hiyo.

Delege wa Kiwandani
Mimi ni delege, mwakilishi wa wafanyakazi. Nimesoma kimya, niongeze jambo moja ambalo linaweza kubadili hesabu nzima. Bwana alichukuliwa kazi akiwa wapi? Kama alisaini akiwa Bukavu na mkataba unaandika Bukavu kuwa mahali alipoajiriwa, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtwika mwajiri gharama za safari yake, mke na watoto, na kuna suala la nyumba au posho ya nyumba. Matibabu ya familia pia ni ya mwajiri. Kama alikuja mwenyewe akapata kazi hapahapa, ya safari sahau, ya matibabu dai. Na kama bado ni kibarua wa siku, bila mkataba, hapo ndipo mwezi wa saba wake unapoeleweka. Huenda anangoja kuandikwa na ana aibu kukuambia. Nimewaona wengi hivyo, wanatuma nyumbani karibu chote wanachopata na wao wanakula mara moja.

Mama Furaha BKV
Delege, hilo la mwisho limenichoma. Nitampigia leo usiku. Lakini meza je? Yule mtu amenipa nusu.

Fundi wa Katuba
Amekupa nusu, kwa hiyo mmoja wenu bado anaweza kugeuka. Mwambie umpe meza kwa kodi mpaka mwezi wa saba badala ya kumuuzia. Nusu yake inakuwa kodi ya miezi hiyo.

Mama Furaha BKV
Nimezungumza naye. Delege alisema kweli, ni kibarua wa siku. Alipewa ahadi ya mkataba baada ya likizo za Desemba. Mwezi mzuri anapata 380, akitoa chumba na chakula ananitumia kinachobaki. Na mimi nimemwambia kiasi cha benki. Alinyamaza sana, halafu akacheka, akasema alidhani ni robo ya hiyo. Anataka nije peke yangu mwezi wa pili, yeye ataomba ruhusa siku hizo. Jumapili atakwenda kuiona nyumba ya Bel-Air. Komisionere amebadilika sauti, anasema 300 hairudi. Nifanye nini?

Yaya wa Bel-Air
Usigombane naye kwa simu. Ujumbe wa kutuma pesa usiufute, una jina lake na tarehe. Bwana asiende peke yake, achukue mmoja wa wenzake, na waanzie kwa chefu wa kata ya Bel-Air waulize kama lupangu hilo lipo na mwenyewe ni nani. Mwenye lupangu akiwa mtu wa kweli na nyumba ni nzuri, ongeeni garanti ya miezi mitatu kuanzia mwezi wa saba, 300 iwe ndani yake. Kama nyumba haipo, chefu atakuwa ameshasikia jina la huyo komisionere, na bwana aende polisi na ujumbe huo mkononi. Picha ya kadi yako usimtumie.

Mama Furaha BKV
Nilikuwa karibu kumtumia. Yaya, ungeweza kuwa hapo Jumapili?

Yaya wa Bel-Air
Baada ya ibada, saa sita. Niandikie faraghani jina la barabara.