Naombeni ushauri: mpiga drams wa jazz niliyepata kazi ya kufundisha muziki

Mpigaji wa Upanga: Habari zenu ndugu wanajukwaa. Mimi ni mpiga drams, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga jazz na bendi yetu hotelini kila mwisho wa wiki. Sasa shule moja imenipa nafasi ya kudumu ya kufundisha muziki. Mshahara wake unazidi kipato changu cha jukwaani, tena kuna bima ya afya ya familia, ambayo bendi haina uwezo wa kunipa. Ninachohofia ni kwamba nikishinda darasani nikiwahesabia watoto moja, mbili, tatu, nne, mikono yangu itapoteza wepesi na bendi itatafuta mtu mwingine. Je, inawezekana kuwa mwalimu kamili na mpigaji kamili kwa wakati mmoja?

Kaka wa Toazi: Hongera, mdogo wangu. Mtazame Alan Dawson, mpiga drams wa jazz wa Boston, Marekani. Alianza kufundisha Berklee, chuo cha muziki cha hapo Boston, mwaka 1957 akaendelea hadi 1975, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 1968, akaanza kupiga na mpiga piano maarufu Dave Brubeck. Mpiga drams Tony Williams, aliyechukuliwa katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa mwanafunzi wake. Dawson aliwataka wanafunzi waimbe melodi kwa sauti huku mikono na miguu ikiendelea na mazoezi, ili wajue daima wamefika wapi ndani ya wimbo, hata piano na besi zikinyamaza. Fundisha hivyo, ukiimba na kupiga pamoja nao, na kipindi chenyewe kitakuwa mazoezi yako.

Mwalimu Mstaafu, Arusha: Nakubaliana na Kaka wa Toazi, ila kwa uzoefu wangu kinachowamaliza wapigaji ni ratiba ya shule: vikao vya wazazi, sherehe za mahafali, na mazoezi ya kwaya yanayowekwa Ijumaa jioni bila taarifa. Kabla hujasaini, omba mkataba utaje jioni ambazo hutapangiwa kazi, pamoja na ruhusa ya kutumia drams za shule baada ya vipindi. Jambo jingine, ambalo nalisisitiza sana, ni masikio. Toazi likipigwa ndani ya darasa dogo lenye kuta tupu za saruji huumiza kuliko jukwaani, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Nunua vizibo vya masikio, na watoto nao wavae.

Dada wa Mwanza: Mpiga drams mwingine wa jazz, Max Roach, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1972, lakini alifika pale akiwa na jina kubwa tayari. Ndugu yetu bado analijenga lake, kwa hiyo nashauri asiache hata usiku mmoja wa bendi katika mwaka wa kwanza wa ajira, hata akichoka.

Mpigaji wa Upanga: Ahsanteni sana. Kiongozi wa bendi amekubali kuhamishia mazoezi Jumamosi asubuhi. Shule nitawaomba Ijumaa na Jumamosi jioni ziwe zangu. Je, matamasha ya usiku ya shule niyakatae kabisa?

Mwalimu Mstaafu, Arusha: Usiyakatae. Omba tarehe zake zote mwanzoni mwa muhula, kisha mpelekee kiongozi wa bendi siku hiyohiyo.