Mchambuzi wa mifumo serikalini: mwajiriwa wa kudumu au mshauri wa mkataba?

Wadau, kila zabuni ya mfumo mpya inapotangazwa hoja hii hurudi: serikali isiajiri wachambuzi wa mifumo, yaani wanaochunguza kazi inavyofanyika na kuandika mahitaji ya mfumo wa kompyuta, bali ikodi washauri wamalize kazi waondoke, mishahara ya kudumu ni mzigo. Mimi napinga.

Kazi ya mchambuzi haianzii kwenye kompyuta. Inaanzia kwa karani wa mishahara anayejua nini hufanyika mtumishi anapokaimu cheo katikati ya mwezi kisha akaenda likizo ya uzazi. Mambo ya namna hiyo hayamo kwenye mwongozo, yamo vichwani mwa watu, na hawamwagii mgeni wa miezi mitatu. Wakimshuku kwamba amekuja kupunguza wafanyakazi, ndiyo kabisa hawasemi.

Tazameni Kanada. Mwaka 2016 serikali ya shirikisho ilianza kutumia mfumo wa mishahara uitwao Phoenix. Makumi ya maelfu ya watumishi wakapunjwa, wengine wakazidishiwa, wengine hawakulipwa kabisa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya 2018 ilionyesha kwamba wasimamizi wa mradi waliondoa au kuahirisha zaidi ya kazi 100 kati ya 984 ambazo mfumo ulipaswa kufanya, yakiwemo malipo ya malimbikizo. Na maofisa mishahara wazoefu, ambao wangeyaona makosa mapema, walikuwa wameshapunguzwa.

Najua mtu ataniambia: walioamua hayo walikuwa watumishi wa umma, si washauri. Ni kweli, na hapo ndipo upande wa pili una nguvu. Mwajiriwa ana bosi, na bosi ana tarehe aliyomwahidi waziri. Kwa hiyo ajira peke yake haitoshi: pingamizi la mchambuzi liingie kwenye kumbukumbu za mradi, na mkaguzi alisome kabla mfumo haujaanza kutumika. Ila mshauri wa mkataba yuko pabaya zaidi, maana anayepaswa kuambiwa "hapana" ndiye atakayeamua kama mkataba uongezwe. Na ikiwa mahitaji ya mfumo yameandikwa na kampuni ileile itakayouuza, hapo sioni hata cha kujadili.

Waandishi wa programu wakodiwe, sina neno. Anayeandika mahitaji abaki ndani. Anayepinga anijibu: mshauri akishaondoka, sheria ikabadilika miaka mitano baadaye, nani ataeleza kwa nini mfumo unakokotoa hivyo unavyokokotoa?